Kijiti cha Mpini wa Shoka

Nikisimama wanapigana, nikilala wanaachana.

Kitendawili hicho nilikitunga mwenyewe, mwezi wa saba, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ndani ya banda letu, na mjukuu wangu Britta amelala chali chini ya Chevrolet kuukuu, viatu tu ndivyo vinavyoonekana.

"Rudia, Bibi, nyundo imekula maneno."

Nikarudia.

"Kijiti!" akajibu kabla sijafunga mdomo. "Kile cha mlangoni. Bibi nawe, tega basi vigumu."

"Wee mtoto, nipe hata mji mmoja siku moja, nami nikatembee."

"Mji sitoi. Muombe Baba, yeye atakupa mpaka Chicago."

Na kweli hakuwa amenipa mji tangu alipoota meno ya mbele. Ukimkwamisha ananuna, anazunguka nyumba, anakwenda kulisha kuku, anarudi na jibu. Babaye, mwanangu Loren, hata hasubiri. "Chukua Dubuque, Mama, niache nichomelee."

Lile gari walikuwa wakiliandaa tangu theluji ilipoyeyuka. Vioo vyote vimetolewa, viti vya nyuma vimetupwa, milango imefungwa kwa minyororo, na tangi la mafuta limehamishiwa ndani, nyuma ya dereva, kitangi kidogo cha mashua. Mlango wa dereva ulipakwa rangi nyeupe, maana huo haugongwi, atakayeugonga anatolewa. Kwingine kote ni halali. Watu wanaligonga mpaka liwe kama kopo la maharage lililokanyagwa na ng'ombe, na gari la mwisho kutembea ndilo lenye ushindi. Ndio mchezo wetu huku, kila Agosti, kwenye maonyesho ya wilaya, baada ya kushindanisha nguruwe na kabla ya kugawa zawadi za mikate ya matunda.

Kijiti husimama kwenye mlango ule mweupe, karibu na mkono wa dereva. Ni ufito mwembamba wa msonobari uliopakwa rangi ya chungwa. Ukichoka, ukiumia, ukiogopa, unatoa mkono dirishani na kukivunja. Kikishalala, hakuna wa kukugusa tena. Kinavunjika kama mkate mkavu, na ndivyo inavyotakiwa.

Mume wangu marehemu, Verlyn, aliendesha zaidi ya miaka ishirini na hakuvunja chake hata mara moja. Wakati fulani wenzake walimtania kwamba ni kwa sababu hana nguvu za kukivunja. Basi akachukua mpini wa shoka, akauchonga, akaupaka rangi ya chungwa, akaja nao uwanjani. "Haya, njooni mvunje cha kwangu!" Waamuzi walicheka mpaka wakakaa chini, kisha wakamwambia akitoe. Tangu siku hiyo kilining'inia bandani kwenye msumari, juu ya jiliwa la kubania vyuma. Mgeni akija anaonyeshwa, anajaribu kukivunja kwa goti, anashindwa, tunacheka, tunampa kahawa.

Mwaka uliotangulia Britta aligongwa ubavuni na kichwa kikapiga chuma, helmeti ikapasuka. Kwa kishindo hicho hicho kijiti chake kikakatika chenyewe, na waamuzi wakamhesabu ametoka. Loren aliumia sana moyoni. "Alikuwa anashinda, Mama! Kijiti tu kimetuponza!" Mimi nilikuwa nimetazama lile gari jingine lililokuwa linarudi nyuma kumwongeza. Lilipoona kijiti kimelala, likageukia kwingine. Nikajisemea, asante kijiti.

Baadaye tuliona mambo. Britta alitia chumvi kwenye kahawa. Mbwa wetu alimwita kwa jina la mbwa aliyekufa zamani. Kusoma kulimtia kichefuchefu, na katikati ya sentensi alikuwa anasimama, kama mtu aliyefika mlangoni akasahau alifuata nini. Alipona, lakini taratibu. Daktari akatwambia sote, Loren akiwa amekaa pale pale na kofia magotini: "Akitikisika ubongo tena namna hii, nitamrudisha nyumbani, ila sijui atakayerudi ni nani."

Ni mtu mzima, anafanya kazi yake kiwanda cha jibini, sikuweza kumfungia kabatini. Ila mezani kwangu nilimwambia, "Unakwenda, lakini uniahidi."

"Masikio yakianza kulia tu, Bibi, navunja. Hata kama nimebaki na mmoja."

"Na ubishi wako?"

"Ubishi nitauacha bandani na wewe."

Loren akasema, "Sawa, Mama. Akisikia kitu, atavunja." Alisema hivyo kwa mdomo wake, akaongeza siagi kwenye hindi lake, akala.

Jumapili ya maonyesho ilikuwa na joto la kunata. Gari la zimamoto lilikuwa limemwagia maji uwanja mpaka ukawa uji. Nilikaa safu ya mbele, karibu na yale magogo ya saruji, na jirani yangu Marvella aliyebeba keki ya kukaanga iliyojaa unga wa sukari na kuudondosha wote mapajani pangu.

Kabla hawajaingia nilikwenda kumsalimu mjukuu wangu. Rusty Hovden, mwenye gari la kijani lenye meno ya papa, alikuwa anamchokoza.

"Britta, umeandika jina la bibi yako juu ya paa? Ili tujue pa kupeleka mifupa?"

"Ili ujue wa kumwomba msamaha nikishakutoa matako. Hilo gari lako kwani ni la kugonga au la kubebea mayai?"

"Bi Arlys, unamsikia?"

"Namsikia, na mimi ndiye niliyemfundisha," nikasema. Rusty akacheka, akanibusu shavuni. Ni kijana mzuri, nilimlea na mjukuu wangu kanisani.

Britta akavaa helmeti. Nikamshika kidole kupitia dirishani. "Masikio," nikamwambia.

"Masikio," akajibu, akapigapiga kijiti chake kwa kiganja.

Nilisikia mlio wake. Ulikuwa mlio wa kitu kizito, ko, ko. Nilitaka kugeuka nitazame, lakini mwamuzi akapuliza filimbi, wakatusukuma wote nje.

Walianza. Mtu mwenye akili hugonga kwa nyuma, ili rejeta yake ibaki salama mbele, kwa hiyo uwanja mzima ulikuwa wa magari yanayorudi kinyumenyume kwa hasira, watu wamegeuza shingo kama bata. Matope yaliruka mpaka kwetu. Britta aliendesha vizuri, siwezi kusema uongo. Alikuwa anajificha nyuma ya magari yaliyokufa, anatoka, anapiga gurudumu la mtu, anarudi. Mmoja baada ya mwingine vijiti vilivunjwa, mikono inatoka dirishani, tak, watu wanapiga makofi ya pole.

Wakabaki watatu. Gari moja jekundu lilitoka kwenye moshi na kumpata Britta pembeni kwa nyuma. Kichwa chake nilikiona kikienda na kurudi. Lile jekundu likazima pale pale, dereva wake akavunja kijiti. Wakabaki Britta na Rusty.

Gari la Britta lilisimama, linanguruma lakini haliendi. Kisha mkono wake ukatoka dirishani.

"Anavunja," nikamwambia Marvella, na moyo wangu ukatulia. "Mungu ni mwema, anavunja."

Mkono ukakamata kijiti, ukavuta. Kijiti hakikutikisika. Akakivuta tena, akakisukuma. Akatoa na mkono wa pili, akaning'inia nacho kama mtoto kwenye bembea, na mlango wenyewe ukatikisika lakini kijiti kikasimama wima kama askari wa lindo.

Hapo ndipo niliposikia tena ule mlio, ko, ko. Nikauona akilini ule msumari wa bandani, juu ya jiliwa, ambao asubuhi ile niliupita ukiwa mtupu nikifuata chupa ya maji.

"Ameacha!" nikapiga kelele. "Ameacha! Simamisheni!"

Jukwaa zima lilikuwa linapiga kelele. Marvella akanikumbatia akidhani nashangilia. "Kama babu yake, Arlys! Tazama, hataki kuvunja!" Nilimsukuma, keki ikaanguka. Niliegemea gogo nikapunga skafu yangu, na mshika bendera wa upande wetu akanipungia mkono, akitabasamu.

Rusty alikuwa upande wa pili. Buti la gari lake lilikuwa limekunjamana mpaka dirishani, la kuona lilikuwa tundu moja tu, na katika tundu hilo aliona anachotakiwa kuona: kijiti kimesimama. Akatia rivasi. Alikuja uwanja mzima.

Sitakueleza sauti ya kishindo kile.

Rejeta ya Rusty ilikuwa imekwisha pasuka, gari lake likatoa mvuke na kuzima. La Britta likaanza kutembea. Lilijivuta kinyumenyume polepole kwenye uji ule, likaligusa lile jekundu lililokufa, likatulia. Mguu wake ulikuwa umelala juu ya pedeli, na mwenyewe kichwa kimelala begani. Lakini waamuzi waliona gari limetembea na limegusa.

"Britta!" mtangazaji akapiga yowe kwenye spika. "Britta wa Verlyn! Ukoo huu hauvunji kijiti!" Na watu wote wakasimama, wanaume wakavua kofia.

Rusty ndiye aliyefika kwanza, anateleza, anaanguka, anainuka. Mimi na magoti yangu nilipitishwa juu ya saruji na watu wawili. Nilipofika alikuwa amemshika Britta kichwa kisicheze, naye analia.

"Bi Arlys, kilikuwa kimesimama. Naapa kilikuwa kimesimama."

"Nimekiona, Rusty. Si wewe."

Britta alifumbua macho. "Bibi," akasema. "Tunaingia saa ngapi?"

Loren alikuja akikimbia na mikono juu, uso wote meno. Alikuwa upande wa mafundi, hakuuona ule mkono. Akatuona sisi, na mikono ikashuka yenyewe. Akatazama mlango mweupe. Rangi ya kijiti ilikuwa imekwanguka pale kucha zilipopita, na chini yake mti wa mpini wa shoka ulionekana, mwekundu kidogo, laini, bila ufa.

"Ulikifunga wewe," nikasema.

"Kwa bolti." Alinong'ona. "Kwa ajili ya Baba. Na nilitaka safari hii kisimponze."

"Ulikuwapo mezani alipoahidi."

"Nilikuwapo." Alikishika kijiti kwa mikono miwili akavuta, mwanaume mwenye mabega yale, na hakikutoka. "Sikufikiria kuvunja, Mama. Nilifikiria kuvunjikiwa."

Britta akauliza tena tunaingia saa ngapi. Akauliza tena ndani ya gari la wagonjwa. Kombe walimpa Loren, kwa kuwa lazima mtu alipokee. Alilitupa nyuma ya pikapu, likawa linagongagonga njia nzima mpaka hospitali.

Sasa mahindi yanavunwa. Britta yuko kwangu, chumba cha upande wa bustani, mapazia yamefungwa kwa sababu mwanga unamchoma. Televisheni hapana, simu hapana. Anatembea, anakula, anacheka pale anapotakiwa kucheka, mara nyingine akichelewa kidogo, kama anayesubiri kutafsiriwa. Rusty huleta mayai kila wiki, anasimama mlangoni na kofia mkononi, na Britta anamwambia, "Hilo gari lako ni la kubebea mayai kweli," na Rusty anacheka mpaka anatoka nje kufuta macho. Hatujui kama anakumbuka kwamba alishamwambia.

Loren alikileta kijiti alipokifungua hatimaye. Alikiweka mezani. "Nikichome?"

"Ukikichoma kitakusaidia nini? Kirudishe kwenye msumari wake."

"Siwezi kukiona, Mama."

"Ndiyo maana."

Jana alasiri nilikuwa namenya viazi, Britta amekaa kando yangu amefumba macho, Loren akivua viatu ukumbini. Nilimtegea vile vyepesi vya utotoni, nyumba yangu haina mlango, akajibu yai. Nikafurahi. Nikaona nijaribu kimoja mbele zaidi.

"Nikisimama wanapigana, nikilala wanaachana."

Nilimenya kiazi chote. Nilimsubiri anune, ainuke, azunguke nyumba, aende kwa kuku. Hakuinuka. Alikuwa anakunja na kukunjua vidole vya mkono wa kushoto, ule uliovuta.

"Hiki ni kipya?" akauliza.

Nikachukua kiazi kingine.

"Nimechoka, Bibi. Nakupa mji." Akaniwekea kichwa begani. "Chukua wowote. Chukua Chicago."

Nilikaa na kisu mkononi. Kwa desturi ningetakiwa nishangilie, niseme nimekwenda Chicago, nimekula nini, nimelala wapi, kisha nitoe jibu. Mdomo ulikataa. Huyu ni mtoto niliyemlilia miaka yote ajifunze kukubali kushindwa, na sasa amekubali, na nilikuwa tayari kuirudisha miji yote ya dunia ili abishe.

Loren alikuwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja.

"Kijiti," akasema.

"Aa," Britta akasema, bila kufumbua macho. "Kizuri. Nani kakitunga?"