Kadi ya Bedford

Mbuke, mjane wa Bujiku, alimsihi Masele, aliyenunua lori la marehemu: "Kabla hujabadilisha jina kwenye kadi, nenda kaburini ukamwombe ruhusa."

Masele alicheka mpaka akapaliwa. Akamwage pombe na kuongea na udongo, kwa ajili ya Bedford!

Kulipokucha aliliendesha peke yake kutoka Mhunze hadi Shinyanga. Pale ofisi ya leseni, karani Mwanaidi aliisoma kadi, kisha akachungulia dirishani.

"Mwenye jina hili lazima asaini mwenyewe."

"Alishafariki, dada."

"Usinichezee! Yule babu mwenye kofia nyekundu umemwacha garini anaungua na jua. Mwite aje."

Masele hakuthubutu kugeuka. Kofia ile aliifukia kwa mikono yake mwenyewe, pamoja na Bujiku.