Swali la Kwanza Mbele ya Muratina

Asubuhi ya ruracio, sherehe ya mahari, hapo kwetu Kalimoni, mdogo wangu Ngina alikuwa akimenya waru, viazi vya kulisha wageni. "Kui, niko ndio na niko hapana, zote pamoja," akaniambia.

Nilimwamini, aki. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kule chuoni Ruiru nimehoji watu mia nne kupima wazo ambalo mwalimu wangu amelitoa kwa fizikia ya vitu vidogo kabisa: kwamba jibu halikai ndani ya mtu likingoja kutolewa. Swali ndilo hulifanya liwe jibu. Na ukibadilisha swali la kwanza, la pili nalo hujibiwa tofauti.

Ngina alimpenda Githae, mchumba wake. Shida ni kuwa Githae alitaka Ngina aache kazi yake ya uuguzi Thika, wahamie Nyahururu akamsaidie na duka. Hilo halikuwa limetajwa mbele ya wazee.

Saa saba wazee wa pande zote mbili wakaketi. Kwetu hakuna anayeonja muratina, pombe ya ruracio, kabla msichana hajaulizwa; akisema inywewe, amekubali kuolewa. Baba akainua pembe ya muratina.

"Ngina, huyu mtu unamjua?"

"Namjua."

"Ni wewe ulimleta hapa?"

"Ni mimi."

Ngai! Nikaona vile ndio zinapangwa foleni, halafu aulizwe, "Tunywe?" Nani angesema hapana hapo? Hasira zilinipanda.

"Baba, muulize kwanza kama anataka kuacha kazi."

"Huyu naye nani amemuita?" akafoka Mzee Kiama, kaka wa Baba. "Kisomo kimemharibu!"

Shangazi akanifinya paja. Lakini Baba alikuwa amesikia, na Baba si mtu wa kujifanya hajasikia.

"Ngina, unataka kuacha kazi?"

"Hapana."

"Haya. Tunywe?"

Ngina alimwangalia Githae, akamwangalia tena, kisha akatikisa kichwa kukataa. Wageni waliondoka bila kugusa chakula.

Nilimkuta Ngina jikoni akilia. Mimi mjinga nikasema, "Nimekuokoa."

"Kama ungenyamaza, ningejibu nini?"

"Ungekubali."

"Na ingekuwa uongo?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. "Hapana. Ingekuwa kweli pia."

"Na ulijua hivyo kabla hujafungua mdomo."

"Nilijua."

Akajifuta uso kwa leso. "Basi usiwaambie watu ati nilimkataa Githae. Wewe ndiye ulimkataa, Kui, na ni mimi nilikuwa nampenda."