Pingili ya Kumi

Shemeji yangu alikuwa akilala sebuleni, kwa sababu chumbani amemlaza mjusi.

Sitanii, ingawa wanaonijua watadhani natania. Kitanda cha ndoa kilitolewa nje, na sakafuni, juu ya mchanga uliochekechwa, akapangwa mnyama wa baharini wa hatua sita. Mnyama wa enzi zile ambazo hata babu wa babu yako hana wa kumsimulia: mwili kama pipa, miguu minne iliyobapa kama makasia, na shingo ndefu isiyo na haya. Mifupa yote ilishageuka jiwe, rangi ya kahawa iliyoungua. Bahari yake ilihama zamani. Kutoka kwetu hadi majini ni siku nzima kwa basi. Yeye akabaki kwenye udongo, na udongo ule ukaja kuwa shimo la kiwanda cha matofali.

Aliyemwona kwanza ni dada yangu. Yeye alikuwa akichimba udongo kiwandani, mumewe akichochea tanuri. Jembe la dada lilikuwa na pembe iliyomeguka, na hakutaka kubadilishiwa. Alisema jembe jipya halina adabu. Siku moja likagonga kitu kigumu, akainama, akamwita mumewe: "Njoo uone jiwe lenye kiuno." Ilikuwa pingili ya shingo. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, watu wakienda sokoni wao walikwenda shimoni. Hata kiwanda kilipofungwa hawakuacha. Kila pingili waliyoitoa waliiosha kwa mswaki, wakaiandika namba kwa wino.

Kisha dada akashikwa na homa. Siku nne tu. Siku ya tano tulimzika, na shemeji hakulia. Wazee wakanong'ona, huyu mume gani? Jumamosi iliyofuata akachukua jembe la mkewe, akaenda shimoni peke yake.

Mwaka wa pili baada ya msiba, shingo ilikuwa na pingili thelathini na saba. Ilipungua moja tu, ya kumi. Palikuwa na pengo pale mchangani, kama jino lililong'oka.

"Nikiipata hiyo," aliniambia, "nitakuwa nimeimaliza kazi ya dada yako. Hapo nitarudi kulala chumbani."

Nami, kwa sababu mtu na shemeji yake lazima wataniane, nilikuwa nikibisha hodi kwa maneno yaleyale: "Shemeji, samaki wako hajaiva tu?"

"Si samaki. Mjusi. Nimekwambia mara mia."

"Mjusi mwenye makasia! Basi na mimi ni bi harusi."

"Wewe ni mpaka chokaa. Kaa hapo, usikanyage mkia."

Mimi ni fundi wa dari za jasi. Yale maua yanayozunguka taa kwenye kumbi za harusi, mengi ni ya mkono wangu. Nimeanguka kutoka jukwaani mara mbili, nimeachwa na mke mara moja, akaondoka na redio, na huko kote nilijifunza jambo moja: ukicheka kabla ya wenzako, kicheko chao hakiumi sana. Nilidhani ni dawa inayomfaa kila mtu. Kwa hiyo nilipomwona shemeji anakonda, nikaamua kumchekesha.

Jumapili moja alipokwenda kutazama kaburi, nilichukua pingili ya tisa, nikaikandamiza kwenye udongo laini, upande huu na upande ule, nikapata kalibu. Nikamimina jasi. Katikati nikazamisha nati mbili za baiskeli ili iwe nzito. Nikaipiga msasa kidogo, nikaipaka chai kali, masizi na tope jekundu. Nasema kwa unyenyekevu wote: ilikuwa nzuri. Nikaenda kuizika shimoni, hatua tatu kutoka alipokuwa akichimba. Aifukue, aruke, nimwache ajisifu mpaka nyumbani, kisha niivunje mezani nati zitoke na tucheke mpaka tukae chini. Huo ndio uliokuwa mpango mzima.

Jumamosi nikamfuata, nimejifanya sina kazi. Akaifikia kabla jua halijawa kali. Akaifuta kwa kidole gumba. Nikaziba mdomo kwa kiganja, kicheko kimeshafika menoni.

Akapiga magoti.

"Shemeji," akasema, "njoo."

Ubavuni mwa pingili palikuwa na mistari miwili midogo iliyolala sambamba, na kigongo chembamba katikati. Akachukua lile jembe, akaweka pembe yake iliyomeguka juu ya mistari. Ikakaa sawasawa.

"Ni yeye," akasema. "Aliifikia. Siku moja alikuwa hapa hapa, akaigonga, hakujua. Aliigusa, shemeji. Dada yako aliigusa hii."

Mimi sikuwa na habari ya alama ile. Ilikuwa jeraha la pingili ya tisa, ile aliyoigonga dada siku ya kwanza, na kalibu yangu iliibeba kama ilivyobeba kila kitu. Fundi mbaya angeikosa.

Shemeji desturi yake ni kukwaruza kila mfupa kwa ncha ya kisu kabla ya kuuamini. Siku ile hakutoa kisu. Alilia. Alilia kilio cha miaka miwili, kamasi na tope, ameikumbatia ile jasi kifuani. Mimi nilimshika mabega. 

Mngefanyaje? Wiki ile aliingiza godoro chumbani, akalitandika ubavuni mwa mjusi. Akaanza kunyoa ndevu. Akaanza kula akamaliza. Jirani akaniambia, "Shemeji yako amefufuka." Nikasema nitamwambia mwezi ujao. Mwezi ujao una tabia ya kwenda mbele. Ikapita miaka mitatu.

Kisha akaandika barua makumbusho. Hakutaka kitu ila kibao: mnyama akae palipo salama, na chini yake liandikwe jina la mkewe kuwa ndiye aliyemgundua. Akaja mtaalamu, mama mfupi mwenye miwani mbili, moja puani, nyingine kichwani. Alizunguka chumba kwa magoti, nusu siku. Shemeji alimfuata na taa mkononi kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Mwishowe mama akainuka na pingili mbili, ya tisa na ya kumi, akaziweka mezani.

"Mzee, hizi zina jeraha moja."

"Jembe ni moja, mama. Jembe la marehemu."

"Jembe linaweza kuwa moja. Lakini hakuna mkono unaogonga mara mbili namna hii. Tazama kigongo hiki, kimekatika hapa. Na hiki kimekatika palepale." Akavua miwani ya puani. "Hii imetengenezwa. Nikiipeleka hivi, wenzangu watasema na zilizobaki zimetengenezwa. Na jina utakaloandika pale chini litakuwa jina la tapeli."

Shemeji akaisogeza taa karibu na pingili.

"Ni mimi," nikasema.

Hakugeuka hata kunitazama. "Shemeji, acha utani, tuna mgeni."

"Safari hii si utani."

"Tutacheka baadaye, basi. Mama, msamehe, ndivyo alivyo huyu."

Hapo ndipo nilipojua malipo ya maisha yangu yote ya kuchekesha watu. Nikaichukua ile pingili, nikaigonga kwenye ukingo wa meza. Ilikuwa nyeupe ndani, nyeupe kama dari. Nati moja ikabaki mezani. Ya pili ikabingirika sakafuni, ikaingia mchangani, ikalala karibu na shingo. Hakuna aliyeiokota.

Nikaeleza yote, mbele ya mgeni, mpaka chai na masizi. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho. Hakunitukana. Ningemshukuru angenitukana.

"Kwa hiyo hakuifikia," akasema.

"Shemeji..."

"Nauliza alama."

"Ni ya pingili ya tisa."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, mara nyingi. Alikuwa na sura ile ile ya siku ya tano, tuliporudi kutoka makaburini.

"Asante, fundi," akasema.

Fundi. Miaka kumi na sita niliyokuwa ndugu yake iliishia kwenye neno hilo.

Makumbusho walimchukua mnyama. Mama wa miwani alinitetea kuliko nilivyostahili. Aliandika kwamba mifupa mingine yote ni ya kweli, na jina la dada likawekwa. Alieleza pia kwamba wao huziba mapengo kwa vipande vya kutengeneza, ila huvipaka rangi iliyofifia makusudi, ili mtazamaji yeyote ajue kipi ni mfupa na kipi ni mkono wa mtu. Akanitupia jicho, kama anayenipa nafasi ya kazi hiyo.

"Pengo liacheni wazi," shemeji akasema.

Jumamosi iliyofuata akarudi shimoni na jembe la dada. Nami nikarudi, nikachimba upande wa pili, mbali, bila kukaribishwa. Asubuhi nilisema, "Shikamoo, shemeji," naye akajibu, "Marahaba, fundi." Zamani hatukuamkiana hivyo hata siku moja; tulianza moja kwa moja na matusi. Hivyo ndivyo tulivyokwenda miezi saba. Kikohozi alichokipata zamani kwenye moshi wa tanuri kilikuwa kimemrudia, na kila alipokohoa nilisimamisha koleo langu mpaka amalize.

Mwezi wa nane, koleo likateleza juu ya kitu. Nikafuta kwa kidole. Kiuno cha jiwe, rangi ya kahawa iliyoungua.

Nikakaa chini. Kuitoa kwa mkono wangu, ataamini nini? Kuifunika ili aje aifukue mwenyewe, hapo nitakuwa nimemzikia mfupa mara ya pili. Nikainua mikono yote miwili juu, kama mwizi aliyezungukwa, nikaita.

"Shemeji! Sijaigusa! Njoo, sijaigusa!"

Alikuja akikokota jembe. Akanitazama mimi kabla ya shimo. Kisha akatoa kisu, akakwaruza. Akakwaruza tena. Akaichimbua pole pole, akamega ukingo mdogo uliokuwa na ufa, akautazama kwenye jua. Ndani ulikuwa mweusi, na vichembe vinavyometa.

"Ni yenyewe," akasema.

Nikashusha mikono. Lakini alikuwa anaigeuza. Ubavu huu, ubavu ule, juu, chini, akiifuta kwa mate na kidole gumba, akiigeuza tena. Nikajua anatafuta nini. Nilitafuta naye kwa macho, nikiomba. Ilikuwa safi. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Hakuifikia," akasema.

Akaniwekea mkononi, kwa heshima, kama unavyompa mtu mzigo wake.

"Mpelekee yule mama, fundi. Waiweke." Akageuka, akaanza kupanda mteremko, akisimama kila hatua nne kukohoa. Jembe aliliacha pale pale lilipoanguka.

Nilikuwa na pingili ya kumi, ya kweli, mkono mmoja. Mkono wa pili uliokota jembe, sijui nani aliutuma. Pembe iliyomeguka ilikuwa iking'aa. Pigo moja dogo tu. Jembe lenyewe, mfupa wenyewe. Hata mama wa miwani asingekuwa na la kusema. Ningemwita, "Shemeji, rudi, hukutazama vizuri, kulikuwa na tope." Naye angerudi. Angekimbia na kikohozi chake kile.

Mkono ulikuwa umeshapanda.

Niliushusha. Nikavua shati, nikaifunga pingili, nikalibeba jembe begani na kuanza kupanda nyuma yake, mbali kidogo, ili akigeuka asidhani nina la kumwambia.