Kadi ya Kitanda Kifupi

"Imekwisha," msimamizi alirudia, akigonga skrini kwa kalamu. "Tazama mwenyewe. Kadi iko safu ya mwisho."

"Kadi ndiyo imekwisha," alijibu mpiga msasa. "Kitanda hata hakijasimama."

Mteja alikuwa mlangoni, stakabadhi mkononi. Mama yake aliyevunjika nyonga alikuwa anaruhusiwa kutoka hospitali jioni hiyo, na kitanda cha nyumbani kilikuwa juu mno kwake, ndiyo maana aliagiza kifupi.

Kila kazi ya karakana ilikuwa na kadi yake kwenye skrini ile, na kila kadi jina la fundi, ikipita safu tatu: Bado, Inaendelea, Imekwisha. Wiki mbili nyuma, walipotoka kumzika Fundi Randa, seremala wao, hakuna aliyeweza kulitazama jina lake likikaa kwenye Inaendelea. Msimamizi aliziburuta kadi zake zote sita hadi Imekwisha. Wakaona ni heshima. Mpiga msasa hata alimshukuru, na hilo ndilo lililomkera zaidi leo. Kazi za watu walizizika pamoja na marehemu.

"Mpe kile cha maonyesho," msimamizi alisema.

"Mama wa watu akipande kwa ngazi?"

"Dada, kazi yako msasa. Usinipande kichwani."

"Andika jina langu kwenye kadi, nikiunge mimi."

"Ina jina la marehemu."

"Najua ina jina la nani! Alinifundisha kushika patasi, na wewe ulikuwa hapo hapo ukicheka."

Msimamizi aliguna. Akairudisha kadi Inaendelea, akabonyeza jina. Mashine ikauliza kama ana hakika anataka kuliondoa. Kalamu ikabaki hewani.

"Bonyeza wewe," alisema kwa sauti ndogo.

Mpiga msasa akabonyeza, haraka, kama mtu anayechomoa mwiba.

Chini ya turubai, mezani kwa Fundi Randa, ilikuwepo miguu minne mifupi, na mbao za ubavuni zenye alama zake za penseli. Ulimi wa kwanza, ile ncha ya ubao iliyochongwa, ulikataa kuingia kwenye tundu la mguu. Unyevu ulikuwa umeuvimbisha. Mpiga msasa akausukuma, akaugonga, akausonya.

"Mkaidi kama mwenyewe!"

Mteja aliweka mkoba chini, akaja kushika mguu bila kuombwa. Mpiga msasa alipunguza ulimi kidogo kidogo, akipuliza vumbi, akijaribu tena. Wa pili nao ulikataa. Wa tatu aliutukana kabla haujamfanyia lolote.

Jua lilipofika dirisha la nyuma, fremu ilisimama, bila rangi, bila chaga.

"Subiri kwanza," mteja alisema.

Akageuka, akashika ubavu wa kitanda kwa mikono miwili, akajishusha taratibu mno kupima kimo chake, mguu mmoja ameunyoosha mbele kama wa mama yake. Akafumba macho. Karakana nzima ikaacha kugonga, na nyayo zake zikaanza kuitafuta sakafu.