Kucha za Mkono wa Kushoto

Eustaquio alitengeneza magitaa kwa miaka arobaini, lakini binti yake Crisanta hakuwahi kupiga hata moja. Kila alipotaka kumfundisha, msichana alimwonyesha kucha zake ndefu zilizopakwa rangi, akacheka. Aliuza vipodozi mjini Cebu. Kucha zilikuwa sehemu ya kazi. Kisha Jumatatu, hospitalini, mzee alimshika mkono akamwambia, "Siku ya kunitoa nyumbani, upige wewe." Jumanne akafa.

Maziko yalipangwa Jumapili. Alhamisi, kwenye karakana nyuma ya nyumba, Pacifico, fundi mwenza wa marehemu, alimkalisha Crisanta kitini.

"Kaa ukingoni, mwanangu. Mguu wa kushoto juu ya hicho kibao. Mgongo! Unalipiga gitaa au unalinyonyesha?"

Crisanta alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Gumba nyuma ya shingo ya gitaa, katikati. Vidole vikunje, ubonyeze kwa ncha. Karibu na kichuma hiki kinachokata shingo, siyo juu yake."

Alibonyeza. Kucha iligota ubaoni kabla nyama ya kidole haijaubana uzi. Uzi ukavuma kama nyuki ndani ya chupa.

"Kata hizo kucha," alisema Pacifico. "Za kushoto tu. Baba yako hakuweza kustahimili uzi unaovuma namna hiyo. Alikuwa anatoka nje."

Crisanta alikuwa keshashika kikata kucha pale shangazi yake, Demetria, aliposimama mlangoni.

"We mtoto, una wazimu? Maiti imo sebuleni, unakata kucha? Hata kufagia hatufagii mpaka azikwe!"

"Basi nitakatia kwa jirani, shangazi. Si ndiko tunakooga siku hizi za msiba?"

"Kuoga ni kuoga. Kucha ni mwili wako. Ukiupunguza sasa, unamwita mwingine afuate. Kamuulize mama yako."

Mama alikuwa ameketi kando ya jeneza, mahali palepale alipoketi Februari, walipomlaza hapo maiti Leoncio, kaka yake Crisanta.

"Leoncio alipokuwa hapa, baba yako alinyoa ndevu," alisema polepole. "Nilimwona, nikanyamaza." Akamtazama bintiye vidole. "Nimebaki na wewe tu, Santa."

Crisanta hakuyaamini mambo hayo. Hata hivyo alikirudisha kikata kucha mahali pake.

Siku mbili alijizoeza na kucha zake. Alivilaza vidole upande. Vikaugusa uzi wa pembeni, nao ukakosa sauti. Alivinyoosha, kifundo cha mkono kikamuuma. Pacifico aliacha utani.

Jumapili asubuhi, wabebaji walipoinama kulibeba jeneza, Crisanta aliketi ukingoni mwa kiti, mguu juu ya kibao, mgongo wima, gumba mahali pake. Aliyemchungulia dirishani angesema huyu amezaliwa na gitaa. Mstari wa kwanza wa wimbo wa maziko ukavuma. Wa pili ukavuma zaidi, na waimbaji wakapotezana. Pacifico akatoka nje.

Crisanta akauondoa mkono wa kushoto, akauweka pajani. Kwa gumba la kulia akaugusa uzi mnene, mtupu, bila kuubonyeza popote, mara moja kwa kila mstari. Watu wakaimba juu yake. Mama alipita nyuma ya jeneza bila kugeuka. Crisanta aliendelea kuugusa uzi uleule, kwa kuwa aliambiwa apige, na hakujua lingine.