Hereni Namba 0417

Malimi alikuwa fundi wa programu, na mafundi wa programu wana kiburi chao. Wafugaji wa kijijini kwao, Mkula, walipomwomba rejista ya hereni za ng'ombe, aliimaliza kwa siku mbili chumbani kwake Somanda, wala hakuikagua.

Vijiji viwili vilishirikiana rejista hiyo, kila kimoja kikihesabu ng'ombe wake kuanzia 0001, kwa hiyo kila namba ilitakiwa ianze na herufi ya kijiji. Malimi aliunda aina yake ya namba juu ya maandishi ya Python, lugha ya kuandikia programu, ambayo yakishazaliwa hayabadiliki. Herufi akaiweka kwenye __init__, hatua inayokuja baada ya kuzaliwa. Programu haikulalamika. Ilitoa namba bila herufi, na kiwandani zikachongwa hivyo hivyo.

"Mwangaluka, baba," alimwamkia kwa Kisukuma asubuhi moja alipopokea simu.

"Mwangaluka. Yule ng'ombe wa mama yako amekwenda."

"Amekufa?"

"Bora angekufa. Aliingia kundi la Ngassa wa kijiji cha pili. Kumbe Ngassa naye alikuwa na ng'ombe wake wa 0417, aliyekufa kiangazi. Rejista inasema 0417 ni ya Ngassa."

Malimi alielewa papo hapo: bila herufi namba mbili zilikuwa moja, na jina la Ngassa lililoingizwa baadaye lilifuta la baba yake. Mama yake alimnunua yule ng'ombe kwa pamba aliyoilima mwenyewe, na alipofariki hakuacha kingine.

"Kataa, baba! Watu wanamjua yule ng'ombe."

"Nikatae vipi? Ni mimi niliyesimama mkutanoni nikasema ubishi wa rangi na pembe uishe, hereni iwe neno la mwisho. Nikasema kazi ameifanya binti yangu, hakosei. Wakanipigia makofi." Akakohoa. "Kamba nimeishika mwenyewe hadi zizini kwa Ngassa."

Malimi akafungua kompyuta, simu ikiwa bado sikioni. Akaihamisha ile kazi ya herufi kutoka __init__ kwenda __new__, pale namba inapozaliwa. Akajaribu. M0417. Hasira zikampanda, maana ilikuwa kazi ya dakika tano tu.

"Umepata dawa?" baba aliuliza.

"Nimepata. Lakini ni ya hereni mpya tu, baba. Zilizokwisha kuvishwa masikioni, basi tena."



"Yule ng'ombe alikuwa na mimba," baba alisema. "Ndama wake atapata herufi?"

"Atapata."

"Ya kijiji cha Ngassa."

"Ndiyo, baba," Malimi alisema, na safari hii programu haikuwa imekosea.