Dirisha la Stoo ya Kanisa

Mchungaji alimwagiza fundi wa kuchomelea aweke kwenye dirisha la stoo ya kanisa grili ya kufunguka, yenye bawaba na komeo kwa ndani, ili moto ukitokea mtu apate pa kutokea. Fundi aliitikia, "Ndiyo, mchungaji," kwa unyenyekevu wote, kisha akaichomelea grili nzima ukutani. Hakuwa na nia mbaya. Aliamini tu kwamba bawaba ni udhaifu, na kwamba mchungaji akiiona kazi ilivyonyooka angeshukuru.

Siku ya harusi ya binti yake, fundi aliingia stoo hiyo kuvaa suti. Alipotaka kutoka, kitasa cha mlango wa chuma kikagoma. Akauzungusha ufunguo kwa nguvu za kifundi, ukakatikia ndani.

Kwaya ilikuwa imeshaanza kuimba. Binti alikuwa amesema wazi: haingii kanisani ila kwa mkono wa baba yake.

Mkewe akatokea dirishani, kilemba kimekaa upande.

"Baba watoto, unafanya nini humo?"

"Naomba mlango ufunguke. Mitume si walifunguliwa gerezani?"

"Mitume hawakujichomelea."

Fundi akapiga magoti juu ya majoho ya kwaya, akaomba kwa sauti, kisha akanyamaza asikilize. Kitasa kimya. Shemeji yake akaupiga mlango kwa bega, akaondoka amelishika bega.

Mkewe akarudi na msumeno wa chuma, akaupenyeza kati ya nondo.

"Kata."

"Nikate kazi hii? Umeona ilivyonyooka?"

"Nimeona. Kata."

"Ngoja niombe tena. Mungu ana njia nyingi."

"Anazo. Hii moja alikupa mapema kwa kinywa cha mchungaji, ukasema ndiyo."

Fundi akafumba macho. Kusema kweli, kila alipoomba lilimjia neno lile lile, nalo halikuwa na utukufu wowote: kata. Alikuwa akilikemea kama sauti ya shetani, maana hakutegemea Mungu aongee kama mkewe.

Alipofumbua macho, bibi harusi mwenyewe alikuwa dirishani, shela ameitupia mgongoni.

"Baba, shika huko, mimi nashika huku."

"Mwanangu, gauni lako!"

"Gauni litafuliwa. Wewe utaozea humo."

Fundi akashika msumeno. Moyo ulimuuma kwa kila chembe ya chuma iliyoanguka, lakini alikata.

"Usikandamize, mwanangu. Acha meno yafanye kazi."

"Baba, mafunzo baadaye!"

Nondo zikaachia moja baada ya nyingine. Fundi akatanguliza kichwa. Kichwa kikapita, mabega yakapita, tumbo likakwama.

"Vuta pumzi!" mkewe akaamuru.

"Nimeshaivuta!"

"Basi itoe!"

Akaitoa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo bila kubisha. Akaporomoka juu ya shemeji yake aliyekuja kumdaka, upande wa lile bega.

"Bwana ameniokoa," alisema akijikung'uta.

"Amina," mkewe akajibu. "Funga zipu."

Akafunga. Mlangoni mwa kanisa binti akampa mkono.

"Tunaanza na mguu wa kulia, baba."

Fundi alikuwa na maoni yake kuhusu mguu wa kushoto, na sababu nzuri tu za kuyaunga mkono. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akatanguliza wa kulia.